Kipchomber arap Koilegen: Kupanda na Kushuka kwa Nyumba ya Talai

Konoin ni nchi ya chai. Kutoka Litein hadi Mogogosiek, na kutoka Mogogosiek hadi mipaka ya msitu wa Mau, vilima vimevaa kijani kisichobadilika kiangazi wala masika, na kiwanda cha chai cha Mogogosiek hupokea majani yanayochumwa na wakulima wadogo wa tarafa hiyo. Mgeni anayepita hapo huona chai tu. Hana njia ya kujua kwamba kabla ya mche wa kwanza wa chai kupandwa katika nchi ya Wakipsigis, palikuwa na nyumba moja ambayo neno lake lilitosha kuwainua au kuwazuia vijana wa vita kutoka Belgut hadi Sotik. Nyumba hiyo ni ya ukoo wa Talai, na aliyeipandisha hadi kilele chake miongoni mwa Wakipsigis ni Kipchomber arap Koilegen.

Koilegen hakuzaliwa Mkipsigis. Alizaliwa Nandi, mwana wa Kimnyolei arap Turukat, orkoiyot aliyejulikana kuliko wote waliomtangulia. Neno hili orkoiyot linahitaji kutuliwa kidogo, hasa mbele ya wasomaji ambao kazi yao ni lugha. Wazungu walilitafsiri kwa kuazima neno la Kimaasai, oloiboni, wakaligeuza kuwa laibon. Kiswahili cha barazani na cha mahakamani kilimwita mara mganga, mara mchawi, mara mtabiri. Hakuna hata moja kati ya maneno haya linalotosha. Orkoiyot alikuwa mwaguzi aliyesoma dalili za siku zijazo katika ndoto na katika matumbo ya wanyama. Alibariki au kukataza safari za vita. Alitoa dawa ya kuwalinda wapiganaji. Naye alipokea fungu lake katika ng'ombe walioletwa. Hakuwa mfalme, kwa kuwa mashauri ya kila siku yalibaki mikononi mwa wazee wa kokwet, yaani baraza la ujirani. Hata hivyo hakuna mfalme mdogo wa pwani aliyeogopwa zaidi yake. Kwamba mtu huyu aliitwa mchawi katika karatasi za serikali halikuwa kosa dogo la tafsiri, kama itakavyoonekana.

Asili ya Talai yenyewe ni ya ugeni. Masimulizi ya Wanandi yanaufungamanisha ukoo huu na waaguzi wa Kimaasai waliotawanyika wakati makundi ya Wamaasai yalipopigana yenyewe kwa yenyewe katika karne ya 19 na baadhi yakavunjika kabisa. Waliobaki walitafuta hifadhi kwa majirani, na familia moja ya waaguzi ikapokelewa Nandi, ikaingizwa katika ukoo wa Talai ambao mnyama wake ni simba. Hivyo nyumba hii ilianza kwa kuomba mahali pa kulala. Katika vizazi vichache tu ikawa ndiyo inayoulizwa lini watu walale na lini waamke. Katika kila pororiet, yaani kikosi cha eneo, orkoiyot aliweka wajumbe wake walioitwa maotik, na kupitia kwao akawa na kitu ambacho Wanandi hawakuwahi kuwa nacho: sauti moja inayosikika nchi nzima.

Wanafunzi waliosoma historia ya Roma ya kale watakumbuka kwamba huko nako jeshi halikutoka kabla ya waaguzi kutazama ndege wanavyoruka, na kwamba familia zilizoshika kazi hiyo zilipata heshima iliyopita mali yao. Watakumbuka pia kwamba Roma ilikuwa na familia zilizotoka nje ya mji, zikapanda kwa vizazi vitatu au vinne, kisha zikazimika majina yao yakabaki kwenye mawe. Ulinganisho huu usisukumwe mbali. Lakini unasaidia kuona kwamba habari ya Talai si kioja cha milima ya Kenya. Ni habari ya kawaida ya nyumba inayoishi kwa kuaminiwa: inapoaminiwa hupewa kila kitu, na yanapofika mabaya hulaumiwa kwa kila kitu.

Mabaya yalimfika Kimnyolei mwaka 1890. Safari kubwa ya vita ambayo yeye aliibariki ilirudi bila ng'ombe na bila vijana wengi waliokwenda. Ukame na maradhi viliongeza uchungu. Wanandi waliamua kwamba orkoiyot wao amewauza, wakamwua kwa marungu. Kabla ya kufa, masimulizi yanasema, alitabiri kuja kwa watu weupe na kwa nyoka wa chuma mwenye kutoa moto na moshi, ambaye angepita katika nchi yao. Reli ilifika ziwani, mahali panapoitwa Kisumu leo, mwaka 1901. Inasimuliwa pia kwamba aliwatahadharisha wanawe wasikae pamoja mahali pamoja. Iwe alisema hivyo au masimulizi yalimsemea baadaye, ndivyo ilivyotokea.

Aliacha wana wengi, lakini wawili ndio waliodai kiti: Kipchomber arap Koilegen na ndugu yake Koitalel arap Samoei. Nchi iligawanyika. Wengine walimfuata huyu na wengine yule, na kwa muda wa miaka mitano hivi Nandi haikuwa na orkoiyot mmoja. Mwaka 1895 upande wa Koitalel ulishinda. Koilegen akavuka kusini kuingia kwa Wakipsigis.

Hapa ndipo wasimuliaji wengi wa historia ya Nandi humwacha, maana wanamfuata Koitalel hadi kifo chake. Inaeleweka. Koitalel aliongoza upinzani mrefu dhidi ya Waingereza na reli yao, na tarehe 19 Oktoba 1905 akapigwa risasi na Richard Meinertzhagen katika mkutano ulioitishwa kwa jina la amani. Kifo cha namna hiyo humpa mtu nafasi katika vitabu vya shule. Aliyeshindwa katika ugomvi wa urithi akahama, akaishi, akazeeka kidogo, akafa kifungoni, hapati nafasi hiyo kwa urahisi. Ila kwa mtu anayetaka kuelewa nchi ya Kericho na Bomet, Koilegen ndiye wa kufuatwa.

Aliingia katika nchi iliyojeruhiwa. Karibu na 1890 Wakipsigis walikuwa wamepata pigo ambalo bado lina jina lake: Mogori. Vijana wao waliokwenda kusini-magharibi kuteka ng'ombe walikutana na nguvu ya Abagusii na wenzao, na wachache mno wakarudi. Rika zima la wapiganaji lilipungua. Juu ya hilo ukafuata ugonjwa wa sotoka, ambao katika miaka ya kwanza ya 1890 uliua ng'ombe kote Afrika Mashariki. Watu waliopoteza vijana na ng'ombe wao kwa mfululizo walikuwa na swali ambalo wazee wa kokwet hawakuweza kulijibu: ni nani angetazama mbele safari nyingine?

Kwa hiyo Koilegen hakupokelewa kama mkimbizi, ingawa kwa kweli alikuwa mkimbizi. Alipokelewa kama mwana wa Kimnyolei. Wakipsigis wanamhesabu kuwa orkoiyot wao wa kwanza aliyetambuliwa na nchi nzima. Vikosi vyao vinne, Kipkaige, Ng'etunyo, Kebeni na Kasanet, vilikuwa na desturi ya kwenda kila kimoja kwa shauri lake, na huenda huko kutosemezana ndiko kulikochangia maafa ya Mogori. Orkoiyot alileta kituo kimoja cha ushauri. Ndugu zake walikuja pia, miongoni mwao arap Boisio, na ukoo ukapata makao katika sehemu mbalimbali za nchi. Watu waliwapa wake, waliwapelekea ng'ombe, waliwalimia mashamba. Hofu na heshima vilikwenda pamoja, na ni vigumu leo kuvitenganisha. Mtu wa Talai akisimama langoni mwa boma na kuomba mbuzi, hakuna aliyemnyima. Na si kila aliyetoa alitoa kwa furaha. Jambo hili halifai kufichwa na wanaompenda Koilegen, kwa sababu baadaye ndilo lililotumiwa dhidi ya wajukuu wake, na lisingetumika kama lisingekuwa na chembe ya kweli.

Waingereza walipoanza kuitawala nchi hii mwanzoni mwa karne ya 20, waliwakuta Wakipsigis, ambao wao waliwaita Walumbwa, wakiwa katika hali hiyo. Ugomvi mkubwa wa kwanza ulikuwa Sotik mwaka 1905. Watu wa huko walikuwa wamewavamia Wamaasai na kuteka ng'ombe na wanawake. Walipoamriwa kuwarudisha walikataa. Serikali ikatuma msafara wa kijeshi ulioongozwa na Meja Pope-Hennessy, wenye bunduki za mitambo. Idadi ya waliouawa inayotajwa mara nyingi ni 1,850, wanawake na watoto wakiwamo, na maelfu ya ng'ombe yalichukuliwa. Miezi michache tu baadaye Koitalel akauawa kule Nandi. Katika mwaka mmoja Koilegen alishuhudia watu waliompokea wakipigwa kusini, na ndugu waliyegombana naye akipigwa kaskazini.

Alichofanya baada ya hapo hakina shani ya vita. Wakipsigis kwa jumla hawakuinuka pamoja na Wanandi, na baada ya Sotik hawakupigana tena na serikali kwa jeshi. Lakini ushauri uliendelea kutafutwa. Bwana shauri wa Kericho aliweka machifu, akadai kodi ya nyumba, akaamuru vijana wafanye kazi ya barabara. Na kila alipotoa amri aligundua kwamba watu walikwenda kwanza kuuliza mahali pengine kama amri hiyo itiiwe. Hilo ndilo lililowaudhi watawala kuliko mshale. Jeshi huweza kushindwa kwa siku moja. Mtu mzee anayeulizwa usiku, ambaye hana kasri wala askari, hana pa kupigwa.

Ndipo ikaja dawa waliyoizoea watawala wa wakati ule, nayo ni kumwondoa mtu katika nchi yake. Pwani walikwisha kuitumia kwa Mekatilili wa Menza: mwaka 1913 alikamatwa kwa kuwaapisha Wagiriama wasitii, akapelekwa mbali kabisa hadi Kisii, ambako alitoroka mwaka uliofuata. Mwaka 1914 zamu ilikuwa ya Talai. Koilegen na ndugu zake wawili walishtakiwa kwamba wanachochea wizi wa mifugo na kuwafanya vijana wadharau serikali. Walitolewa katika nchi ya Wakipsigis wakapelekwa katika mkoa wa kati, Fort Hall, mji unaoitwa Murang'a siku hizi, na Nyeri. Hivyo katika muda usiozidi mwaka mmoja mwanamke wa Kigiriama aliletwa magharibi na waaguzi wa Kikipsigis wakapelekwa mashariki, kila mmoja akitupwa miongoni mwa watu ambao lugha yao hakuijua. Hesabu yake ni rahisi kuiona: mtabiri asiyesikika lugha yake ni mzee kama wazee wengine.

Kipchomber arap Koilegen alifia uhamishoni mwaka 1916. Hakuiona tena nchi iliyompokea.

Kama serikali ilidhani kwamba kwa kifo chake jambo limekwisha, miaka iliyofuata iliisahihisha. Vita Kuu ilipokwisha, ekari zipatazo 25,000 katika nchi ya Kericho zilitengwa kwa ajili ya maofisa wa Kiingereza waliolemaa vitani, walime kitani. Bei ya kitani ilianguka, mradi ukafa mapema, lakini ardhi haikurudi kwa wenyewe. Katikati ya miaka ya 1920 kampuni za Brooke Bond na James Finlay zilianza kupanda chai. Wakipsigis wengi wakajikuta wapangaji au vibarua katika nchi ya baba zao. Na watu waliokosa ardhi walikuwa na hamu ile ile ya kusikia neno la Talai kama waliokosa ng'ombe katika siku za baba zao.

Nandi nako mambo yalikwenda vivyo hivyo. Barsirian arap Manyei, mwana wa Koitalel na mpwa wa Koilegen kwa hesabu ya Kizungu, ila kwa hesabu ya Kikalenjin ni mwanawe hasa, alikamatwa mwaka 1923 wakati wa maandalizi ya sherehe kubwa ya kukabidhiana rika. Hakuachiliwa kabisa hadi mwaka 1964, baada ya uhuru kupatikana, miaka 41. Wafungwa wa Kapenguria wanajulikana na kila mtoto wa shule nchini Kenya. Huyu aliyefungwa kabla yao na kutoka baada yao, akafa mwaka 1974, hajulikani hata nusu yao. Ni haki kujiuliza kama sababu si lile neno mchawi. Shujaa wa taifa aliyeandikwa katika faili kuwa mchawi huwa mgumu kuwekwa katika kitabu cha darasa la tano.

Neno hilo lilipata meno ya sheria. Sheria ya uchawi ya Kenya ilipitishwa mwaka 1925, na mwaka 1934 ikatungwa sheria nyingine ambayo haikumlenga mtu kwa alilotenda bali ukoo mzima kwa jina lake: sheria ya kuwahamisha Malaibon. Wote wa Talai waliokuwa kwa Wakipsigis, wazee, wake zao na watoto wachanga, watu wapatao 700, waliamriwa kuondoka. Kati ya 1934 na 1937 walisafirishwa hadi Gwassi, ufukoni mwa ziwa Victoria, katika eneo ambalo leo ni Kaunti ya Homa Bay. Mtu aliyezoea baridi na mvua ya Konoin au Belgut hawezi kuambiwa Gwassi ni nini mpaka afike: joto, ukame, mbung'o waliowaua ng'ombe na malaria iliyowaua watu. Ng'ombe ndio waliokuwa utajiri wa nyumba hii. Bila ng'ombe palibaki jina tupu.

Inafaa isemwe wazi kwamba si Waingereza peke yao waliotaka Talai waondoke. Baadhi ya machifu wa Kikipsigis, ambao mamlaka yao mapya hayakuweza kukua chini ya kivuli cha orkoiyot, waliunga mkono. Wamisionari walioanza kazi Litein na kwingineko waliona katika ukoo huu adui wa mahubiri. Hata wananchi wa kawaida waliochoshwa na kutoa mbuzi hawakusimama kuwatetea. Kimnyolei aliuawa na watu wake mwenyewe bila hukumu. Wajukuu zake walihamishwa na serikali ya kigeni kwa hukumu iliyopigwa chapa, huku watu wao wakitazama. Kati ya mambo haya mawili lipo pengo kubwa, lakini chanzo chake kimoja: nyumba inayodaiwa kujua kesho haisamehewi kesho inapokuwa mbaya.

Uhamisho wa Gwassi ulidumu hadi mwaka 1962. Waliorudi walikuwa kizazi kingine, watoto waliozaliwa ziwani, wakijua Kijaluo na kusikia habari za vilima vya baridi kutoka kwa wazazi wao. Walipofika, walikuta mahali pao pana wenyewe. Kwingine palikuwa na mashamba makubwa ya chai, kwingine palikuwa na majirani waliokwisha kugawana ardhi na kuipima. Ahadi za kupewa makao zilitolewa na hazikutimizwa ipasavyo. Familia nyingi zilibaki maskwota pembezoni mwa mji wa Kericho na sehemu za Londiani, zikiishi kwa vibarua. Wapo waliobadilisha namna ya kujitambulisha ili watoto wao wapate wachumba, kwa maana hofu ya kuoana na Talai haikuisha ilipoisha heshima yao. Hicho ndicho kichekesho kichungu cha mporomoko huu: katika vitu viwili vilivyokuwa vikitembea pamoja siku za Koilegen, kimoja kilikufa na kingine kikaishi.

Habari imeendelea katika miaka ya karibuni kwa njia ambayo Koilegen asingeitabiri. Mwaka 2019 Tume ya Taifa ya Ardhi ya Kenya ilikubali kwamba Wakipsigis na Talai walitendewa dhuluma ya kihistoria. Malalamiko yao yalifikishwa Umoja wa Mataifa, na mwaka 2021 wataalamu maalumu wa umoja huo wakaeleza wasiwasi wao kwa kuwa Uingereza haikuwa imeomba radhi wala kulipa fidia. Mwezi Agosti 2022 shauri likapelekwa katika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya. Miongoni mwa waliotoa ushahidi kwa ajili ya madai haya wamo wazee waliozaliwa Gwassi. Katika madai hayo wanajulikana kwa jina la ukoo wao, Talai.